Maji ya Mzee Mukhisa

Nasimiyu alikuwa akisema kwamba Tongaren nzima hakuna mwanamke anayejua kutunza siri kama yeye. Alilisema hilo kisimani, akalisema kwa kina mama wa kanisa, akalisema kwenye foleni ya posho mill ya kusagia mahindi, mpaka kila mtu akajua ana siri ngapi na zinamhusu nani. Moja tu ndiyo iliyomkaa kooni, nayo ilikuwa ya mumewe.

Mumewe, Mzee Mukhisa, alikuwa msemaji wa kumuse, baraza la baada ya mazishi. Mtu mzima wa heshima akishazikwa, Mukhisa ndiye aliyeitwa kuwafariji wafiwa. Alivaa ngozi yake, akashika fimbo, akatembea mbele ya watu akisimulia koo zilikotoka na namna ya kuishi baada ya msiba, kuanzia asubuhi hadi jua liwe kichwani. Kwa muda huo wote hakuna anayeinuka. Hakuna anayepita mbele yake. Msemaji mwenyewe hatoki, hata awe na haja gani. Akitoka, safari nyingine wataita mtu mwingine.

Mwaka wa themanini na sita moyo wa Mukhisa ulianza kupiga ovyo. "Kama kuku ndani ya gunia," alimwambia mkewe, akauweka mkono wa Nasimiyu kifuani pake ajionee. Wakaenda Kitale. Kliniki walimkuta daktari msichana aitwaye Jeruto, ambaye alimshika mshipa wa mkono, akahesabu, akarudia kuhesabu, akaacha.

"Mzee, hii moyo haina mpango," alisema. "Inakimbia, inasimama, inaruka. Na presha iko juu. Nakupa hii ya kuituliza, na hii nyeupe ya kutoa maji. Ukiinuka haraka utasikia kizunguzungu. Mikono itakuwa baridi. Na utakojoa, mzee. Utakojoa sana."

"Sana namna gani?"

"Utajua mwenyewe. Lakini usiache dawa. Ukiacha ghafla, moyo itakasirika."

Alijua mwenyewe. Kidonge cha kutuliza moyo kiliifanya mikono yake iwe barafu, hata akimgusa Nasimiyu kitandani, mama wa watu anaruka kama amewekewa chura. Kile cheupe kilianza kazi kabla uji haujapoa. Mzee ambaye maisha yake yote hakuwahi kukimbilia kitu, sasa alionekana kila asubuhi akikata mbio kupita kwenye ndizi, kofia mkononi, kuelekea chooni.

Kwenye msiba wa kwanza baada ya Kitale, aliacha vidonge vyote. Akarudishwa nyumbani kwa mkokoteni, miguu imevimba, anavuta pumzi kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Wakajaribu kukihamishia kile cheupe jioni. Alikesha chooni, na kulipokucha alikuwa kama nguo iliyokamuliwa, hana hata sauti ya kufukuza mbuzi.

Ndipo Khaemba akafa. Khaemba alikuwa jirani, na mjane wake, Dinah, ndiye aliyekuwa akisukana nywele na Nasimiyu tangu wote wawili wakiwa wake wageni Tongaren. Asubuhi ya kumuse Nasimiyu alimwekea mumewe vidonge kiganjani.

"Meza."

"Na maji nitapeleka wapi?"

"Shikilia. Si wewe ni mwanaume?"

Mukhisa alimeza, akaenda, akashikilia. Nasimiyu alikuwa amekaa katikati ya wanawake, na alimwona alipofika mahali pa kueleza koo zilivyoshuka kutoka mlimani: magoti yalibanana, jasho likamtoka chini ya ngozi, fimbo ikatetemeka. Kisha uso wake ukalegea, sauti ikafunguka, akaendelea vizuri kuliko siku zote. Suruali yake ilikuwa kavu.

Aliyelowa ni Dinah. Alikuwa amekaa mbele kabisa, mahali pa mjane. Maji yalitoka chini yake, mengi kuliko anayoweza kubeba mtu mmoja, yakapita kati ya vigoda vya wazee na kushika njia ya zizi la ng'ombe. Dinah aliyatazama yakienda. Wazee wakainua miguu kidogo, wakaishusha yalipopita. Dinah hakuinuka, kwa sababu hakuna anayeinuka. Alikaa ndani yake mpaka mwisho.

Wakiwa njiani kurudi, Mukhisa alisema, "Sikutoka."

"Niliona," Nasimiyu alisema.

Hawakuongeza neno. Usiku huo Mukhisa hakula, akasema ni dawa inamkatisha hamu.

Walubengo, mdogo wa marehemu, yeye aliongeza maneno. "Mwanamke anajikojolea mbele ya kumuse ya bwana yake? Huyo ana kitu alimfanyia ndugu yangu. Maji imemtoa." Maneno hayo yalizunguka Tongaren haraka kuliko mdudu wa mahindi. Shamba la Khaemba lilikuwa zuri, na lilipakana na la Walubengo.

Misiba haikukoma, na Mukhisa aliitwa. Kule Bumula alilowa mwalimu mkuu mstaafu. Kule Sirisia alilowa naibu wa chifu, na safari iliyofuata wakalowa watu wote wa kiti cha mbele, kwa kuwa siku hiyo Mukhisa alikuwa amekunywa chai. Watu walizoea. Waliokuja mapema walikaa nyuma. Waliochelewa walikuja na gunia la kukalia na suruali ya pili ndani ya mfuko. Walubengo mwenyewe aliloweshwa siku moja mpaka soksi, akasema ni umande, saa sita mchana, na hakuna aliyembishia. Wanaume walipolowa ilisemwa ni umri, au baridi ya mlimani. Ya Dinah tu ndiyo haikurudiwa kufikiriwa.

Nasimiyu akaanza kupita njia ya mbali kwenda posho mill, ile yenye tope, ili asikutane na Dinah. Nywele zake akazifunga kitambaa. Akiulizwa mbona hasuki, anasema Yesu hapendi.

Jioni moja, kabla ya kikao cha ukoo wa kina Khaemba, Dinah alikuja mwenyewe. Mukhisa alikuwa mezani. Aliposikia sauti yake uani aliingia chumbani na kuvuta pazia. Chumba hicho kilikuwa na kidirisha cha kupitisha paka tu, na mlango wa kutokea nje ulikuwa mmoja, pale sebuleni.

"Karibu, dada," Nasimiyu alisema. "Umepotea."

"Mimi? Si wewe ndiye unakanyaga matope?" Dinah aliketi kwenye kiti kilichopakana na pazia. Alikuwa amekonda, lakini hakuwa ameacha utani wake. "Weka chai, tuongee. Mzee yuko?"

"Ameenda Sirisia. Kuna msiba."

"Nani amekufa?"

"Mtu fulani," Nasimiyu alisema, akamimina chai vikombe viwili, vikajaa mpaka ukingoni.

Dinah hakugusa chake. "Kesho wananitoa, dada. Walubengo amesema kama nina maji ya aibu, siwezi kulala kwa boma ya ndugu yake. Nimefikiria sana. Kwa wasemaji wengine watu hukaa wakavu. Na mimi nilimwona mzee Kitale, kwa laini ya presha, siku nilimpeleka mama. Aje tu kesho aseme, 'Ile maji ilikuwa yangu.' Maneno manne, dada. Yeye mtu wa kuongea nusu siku."

Nyuma ya pazia kitanda kililia kidogo.

"Mzee wangu hana presha," Nasimiyu alisema. Uso ulimwaka, akautazama moto uliochemshia chai. "Hajawahi kumeza dawa. Huyo uliona ni mwingine. Angekuwa hapa ungemuuliza mwenyewe, lakini si nimekuambia yuko Sirisia?"

"Nitangoja."

Wakangoja. Kuku wakaingia kulala. Siku hiyo Mukhisa alikuwa amesahau vidonge asubuhi na kuvimeza alasiri, na kutoka chumbani hadi chooni ilibidi apite mbele ya Dinah. Kitanda kililia tena, kikanyamaza.

Ndipo maji yakaanza kutiririka chini ya kiti cha Dinah. Yalishuka bila haraka, yakazunguka mguu wa meza, yakazimisha ukingo wa moto, yakatafuta mlango.

Dinah aliyatazama kama alivyoyatazama mara ya kwanza. Kisha akaligeukia pazia, na kwa sauti ya heshima akasema, "Shikamoo, mzee."

Kitanda kililia mara ya tatu. Dinah aliinuka, akakamua leso yake mlangoni. "Basi. Nitaenda kwa ndugu yangu, kule Bumula. Mwambie aende choo sasa, asiumie."

"Hiyo ni chai, dada!" Nasimiyu alisema nyuma yake. "Ni chai tu imemwagika!"

Dinah aligeuka, akaangalia mezani. Vikombe vyote viwili vilikuwa vimejaa.