Propela ya Injinia Yunusi

Haya nimeyapata kwa Rahima mwenyewe, mwezi wa saba huu, tukipepeta mbaazi kwake Makote.

Mumewe, Yunusi, alikaa semina ya siku tatu kuhusu zile mota za mgongoni za kupulizia mikorosho. Akarudi na cheti. Tangu hapo akataka aitwe Injinia, na watu wakamwita, maana haikuwagharimu kitu.

Siku hiyo walitoka Masasi na pikapu yao, nyuma mifuko ya salfa. Maua ya mikorosho yalishaanza kuota weupe wa ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, na salfa, dawa yake, hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande. Isingefika Makote kabla ya alfajiri ya kesho yake, maua yangekauka, na Rahima asingeokota korosho mwaka huu.

Sasa, injini ya pikapu ile iko mbele, na magurudumu yanayolisukuma gari yako nyuma. Nguvu hutoka kwenye injini ikaingia giaboksi, na toka hapo hubebwa na propela, bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari. Mbele limechomekwa kwenye giaboksi, nyuma limefungwa kwa bolti nne kwenye difu, lile bonge la ekseli linaloyagawia magurudumu nguvu. Kila ncha ina krosi, mfano wa kifundo cha mkono, ili bomba liweze kujipinda gari likiruka mashimo. Ni mpini wa jembe hasa: mkono uwe na nguvu, jembe liwe kali, mpini ukichomoka hulimi.

Jana yake Yunusi alibadilisha krosi mwenyewe. Bolti akarudisha mbili, palipobaki akafunga mpira wa tyubu ya baiskeli, kama tufungavyo kila kitu huku.

"Twende kwa fundi Gasper, Mkomaindo," Rahima alimwambia kabla hawajatoka Masasi.

"Mama Faidha, mwenye cheti ni nani?"

Kwenye mlima wa kupandia Newala, chini pakalia kishindo. Pikapu ikasimama. Yunusi akavuta breki ya mkono, Rahima akashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi. Yunusi akakanyaga mafuta, injini ikanguruma vizuri, gia zikaingia zote. Magurudumu kimya.

"Injini nzima, gia nzima, tairi nzima," akatangaza. "Gari hili ni zima."

"Zima, ila haliendi, Baba Faidha."

Nyuma yao akaja Ashiru anasukuma baiskeli. Ashiru ni Mmakua, Yunusi Mmakonde, watani wa tangu enzi. Juu ya baiskeli amelaza kitu kirefu, amekifunika shuka kama maiti.

"Mtani, pole na msiba," akasema. "Nimemwokota barabarani. Marehemu anaitwa nani?"

Yunusi akafunua, akatazama. "Hicho? Ni chuma cha kuzuia vumbi."

Ashiru akafunika tena taratibu. "Basi simtoi. Nitampa mtu anayemjua."

Kwa utani huruhusiwi kunyang'anya wala kununa. Yunusi akaahidi kuku, Ashiru akakataa.

"Nataka neno moja. Sema, sijui."

Yunusi akaeleza habari za upepo, za vumbi, za semina ya siku tatu. Jua likapita utosini. Rahima akakaa juu ya mifuko ya salfa.

"Baba Faidha," akasema mwishowe, polepole, "mikorosho haisomi vyeti."

Yunusi akainamisha kichwa. "Sijui."

"Sikusikia, mtani. Masikio ya Kimakua haya."

"Sijui."

Ashiru akamshusha marehemu wake, akapanda mwenyewe pikipiki iliyokuwa inateremka, akaenda kumfuata Gasper.

"Shikamoo, fundi," Rahima akamwamkia Gasper alipofika.

"Marahaba, mama. Nani alifunga huu mpira?"

Rahima akamtazama Injinia. Gasper akachomeka propela kwenye giaboksi, akakaza bolti nne kwenye difu, akaongeza oili badala ya ile iliyomwagika. Pikapu ikapanda mlima.

Alfajiri Rahima alibeba mota mgongoni, Yunusi akimimina salfa. Jua lilipokausha umande, mkorosho wa mwisho ulikuwa umeshapata salfa yake.

Wakajilaza kwenye mkeka barazani. Jirani akapita kuwapa pole.

"Watu wengi hawajui," Yunusi akamwambia, macho yakifumba, "propela kazi yake hasa ni..." Akakoroma hapo hapo.

Rahima akammalizia jirani maneno yaliyobaki, kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, akanawa salfa usoni, naye akalala.