Njia ya Kuikwepa Tillery

Kila majira ya kuchipua, Purvis Gadsden na dada yake Ozella walitandaza ramani ya jimbo lao la Mississippi, Marekani, kwenye meza ya jikoni, wakapanga safari. Ozella alitaka kuona makaburi ya askari kule Vicksburg, majumba ya mabwana wa pamba Natchez, na maua meupe ya msituni kabla hayajapukutika. Lakini hayo yote yalikuwa ya kusindikiza tu. Alichokitaka hasa ni Tillery, kimji alikozaliwa mama yao, akaone kanisa la mbao alilojenga babu kando ya mto. Mama alilisimulia mpaka akafa, hakurudi. Na daktari alikwisha kumwambia Ozella kwamba macho yake hayana muda mrefu kabla ya kupofuka.

Purvis alichora njia kwa penseli. Ikikaribia Tillery, penseli inapinda, inazunguka mbali kama inayokwepa shimo.

Ndivyo baba yao alivyomfundisha kuendesha. Enzi zake, pale pa kuingilia Tillery palikuwa na kibao kikiwaonya watu weusi kwamba jua lisiwachwee humo; aliyekutwa usiku alipigwa, hata kuuawa. Baba alisafiri na kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu, na ndoo ya haja nyuma ya kiti, asisimame popote. Kibao kiling'olewa miaka mingi iliyopita, na sasa meya wa Tillery ni mweusi. Purvis aliyajua hayo vizuri. Lakini wapi! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu wala hakuumwa yeye, aliumwa baba yake.

"Mwanamume mzima unaogopa kibao ambacho hakipo," Ozella alimtania. "Hata kingekuwepo, kwa mwendo wako huo wa kobe usingekifikia."

Mwaka juzi dada mtu aling'ang'ania mpaka wakaondoka kweli. Walizunguka Vicksburg, wakala kambare wa kukaanga Natchez. Siku ya kurudi Ozella akavaa gauni la manjano, la kuingilia kanisani kwa babu. Walifika njia panda ya Tillery alasiri, jua limeanza kuinama. Mikono ya Purvis ikalowa jasho kwenye usukani. Akasema amesikia redioni daraja la Tillery limebomoka, akapita moja kwa moja. Daraja lilikuwa zima. Ozella akageuza uso dirishani, hakumtania tena mpaka nyumbani.

Tutarudi mwakani, Purvis alijiambia, na mwakani akajiambia tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, bwana. Majira ya baridi yaliyopita macho ya Ozella yakapofuka kabisa.

Sasa maua yamerudi, na Purvis yuko jikoni kwa dada yake na ramani ileile. Amechora mstari ulionyooka, umepita katikati ya Tillery. Aliuchora bila kusita, na hilo ndilo linalomuuma, kwamba kumbe ilikuwa kazi ndogo hivyo.

"Njia nimeipitisha Tillery, dada," akasema. "Tutaondoka alfajiri, tufike jua likiwa juu."

Ozella aliipapasa karatasi mpaka akaukuta mkono wa mdogo wake.

"Daraja limeshatengenezwa?"

Machozi yalimtoka Purvis, akashukuru kwamba hayaonekani, kisha akaona haya kwa kushukuru.

"Nilijua siku ileile, Purvis. Nikasema nikunyamazie, maana nilikuona unavyotetemeka."

"Nisamehe, dada. Nitakupeleka. Alfajiri, nakuapia."

"Alfajiri ya nini?" Ozella akamwachia mkono. "Twende jioni, usijichoshe. Kwangu mimi jua limeshakuchwa."