Mgonjwa Aliyebaki Wangu

Niseme wazi mapema, nisije nikaonekana mtakatifu: nilimwonea wivu Phiona Apio tangu siku aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya kliniki yetu.

Miaka kumi na saba nimewahudumia wenye VVU hapa Busia, upande wa Uganda. Nilianza zamani zile mgonjwa alipomeza vidonge vya kujaza kiganja. Nawajua wanaovuka kutoka Kenya ili jirani zao wasiwaone kwenye benchi letu, na nawajua wa kwetu wanaovuka kwenda kule kwa sababu hiyo hiyo. Halafu Februari tukaletewa binti kutoka Nagongera, hata miaka thelathini hajafika, ana stashahada ya uuguzi maalumu wa VVU, tukaambiwa ndiye mkuu wetu. Cheti changu mimi ni cha uuguzi wa kawaida. Mengine yote nimejifunza kwa wagonjwa, na wagonjwa hawatoi vyeti.

Mbaya zaidi, alikuwa anajua kazi. Angekuwa mjinga ningelala usingizi. Baada ya mwezi mmoja wagonjwa walikuwa wanapita mlango wangu kwenda kujipanga kwake. Mama Emoit, ambaye nilimshika mikono siku alipotaka kujiua, alipita akinipungia kama tumekutana sokoni. Roho iliniuma mpaka chai ikanishinda.

Ecodu tu ndiye aliyebaki wangu. Ni mkulima wa mihogo kutoka Merikit, Mteso mwenzangu, na huipita Tororo nzima kuja kwetu ili asionwe na watu wa kwao. Kwenye orodha alikuwa wa Phiona, maana virusi vyake vilikuwa vinapanda, na kesi ngumu zilikuwa zake. Lakini maneno yake aliniletea mimi. Wiki ya Pasaka aliketi chumbani kwangu akaniambia kwa nini virusi vinapanda. Mkewe Benedeta naye anavyo, alipimwa mara moja mbali sana na nyumbani, na tangu hapo amekataa kujiandikisha popote. Ni kiongozi wa akina mama kanisani, anaogopa benchi kuliko kifo.

"Kwa hiyo nagawana, Sista," alisema. "Leo nameza mimi, kesho nameza yeye."

Dawa ya mtu mmoja ilikuwa inamezwa na watu wawili, na haikumtosha yeyote. Nilipaswa kuvuka ukumbi, hatua kumi tu, nikamwambie Phiona. Nilijidanganya kwamba natunza siri ya mgonjwa. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Kila mwezi nilimsikia kupitia ukuta akimhimiza Ecodu ameze kila siku, naye Ecodu akiitikia ndiyo, ndiyo. Msomi alikuwa amekwama, na jibu lilikuwa mfukoni mwangu.

Juni Ecodu alirudi kwangu akiwa amenyong'onyea. Benedeta alikuwa na mimba ya miezi minne, na kliniki ya wajawazito hajaikanyaga kwa kuwa huko wangempima. Aliniomba niende Merikit nikaongee naye kwa Kiteso, mwanamke kwa mwanamke. Nilijua vizuri kuliko yeye kwamba mama asiyemeza kila siku anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Nikamwahidi nitafika Jumamosi.

Mchana wa siku hiyo hiyo wakaja wageni kutoka wilayani. Walimsifu Phiona, wakataka kupiga naye picha mbele ya chati ya ukutani. Chati ile niliichora mimi, kwa rula yangu. Wakaniomba nisogee kidogo ili ionekane vizuri. Jumamosi nilibaki nyumbani nikafua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Jumamosi iliyofuata nilipata udhuru mwingine.

Mwisho wa Agosti majibu ya Ecodu yalirudi, virusi vimepanda zaidi. Phiona aliingia chumbani kwangu na faili, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha mgonjwa. Nilijiandaa kufurahi.

"Sista, huyu mzee imenishinda," alisema. "Nataka kuandika abadilishiwe dawa, lakini moyo unakataa. Wewe unajua hawa watu kuliko mimi. Nisaidie."

Miezi saba nilikuwa nikisubiri kusikia maneno hayo, na yalipokuja hayakuwa na ladha yoyote. Nikamwambia yote, vidonge vinavyogawanywa na mimba. Aliniuliza nimejua tangu lini. Vidonge tangu Pasaka, nikasema, na mimba tangu Juni.

Alitazama kalenda ukutani, midomo ikihesabu. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na makopo mawili ya dawa.

"Mimi huyo mama hatanifungulia mlango," alisema. "Enda wewe. Leo."

Nilifika Merikit mchana ule ule. Benedeta alinikaribisha jikoni, tukamenya mihogo pamoja mpaka akalia. Alikubali kuandikishwa bila kukaa benchi, na mimi nikawa ninampelekea dawa kila mwezi, nimezifunga ndani ya kanga. Phiona alipanga kila kitu: vipimo, mahali pa kujifungulia, dawa ya maji ya mtoto. Novemba alizaliwa msichana. Alipotimiza wiki sita tulimpima, na majibu yalipokuja, mtoto hakuwa na virusi.

Siku hiyo Benedeta aliingia kwa mlango wa mbele, mbele za watu wote, mtoto mgongoni. Phiona alikuwa mezani na kadi ya kliniki, akauliza jina.

"Akurut," Benedeta alisema, akinishika mkono. "Jina ya Sista. Bila yeye kuja kwetu, huyu mtoto angekuwa nayo."

Katika chumba kile, ukiniondoa mimi, mtu mmoja tu alijua kwamba nilichelewa miezi miwili na nusu kwa makusudi. Kalamu yake ilisimama juu ya kadi. Aliniinulia macho, kisha akaandika Akurut kwa herufi kubwa nzuri, akampongeza mama, akamchukua mtoto akamtazama usoni huku akicheka naye. Kisha akaninyooshea nimpakate.

Nikasema mikono yangu si safi. Nilibaki pale nikimwonea Phiona wivu kuliko siku zote, kwa sababu yeye aliweza kumtazama yule mtoto.