Visu Viliponitia Jeki

Usiku wa jana niliota nimelala chali kwenye karakana ya klabu ya gofu ninakofanya kazi, nimetiwa jeki, na visu viwili vya mashine ya kukatia nyasi vinanikagua tumbo.

Mashine yenyewe naijua. Ndiyo ninayoiendesha nimeikalia, na hapa Moshi hakuna inayong'aa kuishinda. Kila Ijumaa naiosha kwa sabuni na kuipaka boneti mafuta, maana katibu wetu, Bwana Lyatuu, hukagua kwa macho, na macho yake hayajawahi kuinama. Huku chini, kwenye sinia la chuma linalofunika visu, nyasi za tangu masika zimeganda mpaka zimeota uyoga. Uyoga haukaguliwi.

"Huyu juu kapakwa mafuta," kinasema kisu cha kushoto.

"Tumkwangue chini," kinajibu cha kulia.

Vinanikwangua. Inatoka pilau ya harusi, zinatoka chapati, na ile "nitanoa kesho" yangu imeganda vibaya, inabidi vitumie patasi. Kisha vinaninoa kwa tupa na kunitundika kwenye msumari, vione kama pande zote zina uzito sawa. Nainamia upande wa kichwa.

"Mdomo huo," kinasema cha kushoto, na kupiga tupa tena.

Mara karakana ni ukumbi wa harusi. Wageni wote ni nyasi, ncha zao zimechanika na kukauka. Bibi harusi, jani refu la ukoka, ananiuliza kwa upole, "Kaka, ulitukata au ulitutafuna?"

Namwambia ni mashine. Mimi huwa nimekaa tu.

Visu viko meza kuu. "Asubuhi nani anatia mkono kule chini?"

"Kitundu, mwenzangu wa kazi. Nimemfundisha mwenyewe."

"Ulimwambia achomoe kwanza waya wa plagi, injini isiweze kuwaka?"

"Mimi miaka yote sichomoi, na vidole vyangu hivi hapa."

"Hivyo tumeviona. Tunauliza vya Kitundu."

Naogopa. Kitundu ameoa juzijuzi, pete bado inambana. Mshereheshaji anatangaza zawadi, na lile sinia la chuma linaletwa limefunikwa kitambaa. Sitaki lifunuliwe. Mashine imekaa kwenye kiti cha bwana harusi. Nairukia, nashika waya wa plagi, navuta kwa nguvu zote.

Nikaamka. Kumekucha na simu inalia.

"Kaka Mshana," Kitundu alisema. "Nimetia mkono kwenye visu nakwangua, Bwana Lyatuu akaja akapanda, akawasha. Eti aone kama inaunguruma vizuri."

"Una vidole vingapi?"

"Vyote, kaka. Haikuwaka. Waya wa plagi umechomolewa. Ni wewe?"

Nilitazama kiganja changu. Katikati palikuwa na duara jeusi la grisi, upana wa kofia ya plagi.

"Ni mimi," nilisema. "Si nilikufundisha?"