Mimi Sisemi Kitu

Mchapaji wa chumba namba tatu cha mahakama alikuwa na utaratibu mmoja: kabla ya kuchapa maneno ya mtu yeyote, aliandika kwanza pembeni, kushoto, ni nani anayesema. Miaka kumi na nane alifanya hivyo bila kuinua macho, maana masikio yalimtosha. Kwa hiyo asubuhi ile, mshtakiwa alipoulizwa kama alichoma karakana, akajibu, "Ndiyo, mheshimiwa, nilichoma," mchapaji aliandika pembeni: kaka wa mshtakiwa.

Hakukosea. Kaka mtu alikuwa amemsalimia kwenye korido nusu saa kabla, na sauti ilikuwa ile ile, nzito na tulivu, sauti ya mtu anayekupa pole kabla hujapatwa na jambo. Sasa ilitoka kinywani mwa mshtakiwa, fundi seremala mwembamba ambaye mtaa mzima ulimjua kwa sauti yake nyembamba na kigugumizi. Kaka mtu mwenyewe alikaa safu ya pili, midomo ameifunga, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Fundi alipomaliza kujibu, kaka mtu ndiye aliyekohoa na kufungua chupa ya maji.

Hakimu akaiangalia rekodi, akauliza kulikoni.

"Nimeandika ninayemsikia, mheshimiwa."

Fundi akaambiwa arudie. Akarudia. Kaka mtu akanywa maji tena. Hakimu akaagiza iandikwe hivi: mwili ni wa mshtakiwa, sauti ni ya kaka yake. Kesi ikaendelea, kwa kuwa mafaili mengine sita yalikuwa yanasubiri.

Mke wa fundi alipopanda kizimbani aliomba jambo moja tu, kwamba shemeji yake aunganishwe kwenye kesi. Mume wangu akifungwa peke yake, alisema, mtakuwa mmemfunga asiyekuwepo.

"Shemeji yako alimwambia achome?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Hapana. Shemeji hasemi kitu. Miezi minane alikuja kila jioni, akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni, na kila siku alianza hivyo hivyo. Mimi sisemi kitu, mdogo wangu, lakini mbona mwenzio wa karakana anapokea wateja ukitoka? Mimi sisemi kitu, lakini mbona wananyamaza ukiingia? Anauma, anapuliza. Mwezi wa nne wa kuja kwake, mume wangu aliniomba chumvi kwa sauti ya shemeji. Nikadhani ni mafua."

"Halafu?"

"Mwezi wa sita hata chafya ilikuwa ya shemeji."

"Na moto?"

"Mshirika wake alibadilisha kufuli la karakana. Shemeji akasema, mimi sisemi kitu, lakini mtu habadilishi kufuli hivi hivi. Kesho yake saa sita mchana mume wangu akachukua mafuta ya taa, akatoka. Hakujua kama kuna mtu ndani."

Aliyekuwa ndani ni mshirika mwenyewe, akigundisha miguu ya viti. Alikuja mahakamani na bandeji mpaka kwenye viwiko. Alieleza kwamba ufunguo wa zamani ulikatikia ndani ya kufuli, basi. Kisha akamwomba askari amtolee kitu mfukoni mwa shati, maana mwenyewe vidole havikunjiki tena. Ulikuwa ufunguo mpya, umefungwa kamba nyekundu.

"Huu ni wake," akasema. "Nilikuwa namngoja aje nimpe."

Fundi akalia. Kilio kilikuwa chake mwenyewe, chembamba, cha kukwamakwama, na mchapaji alikiandika kwa jina lake. Inauma kusema, lakini katika kurasa zote za kesi hiyo, fundi aliingia mwenyewe mara moja tu, nayo ni hapo.

Kaka mtu aliulizwa kama ana la kusema. Alikuwa nalo. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa nauliza tu. Kumuuliza ndugu yako nako kumekuwa kosa?"

Wakati wa mapumziko alimkuta mchapaji akinywa chai, akasimama pembeni kwa adabu zote. "Mimi sisemi kitu, dada," akasema, "lakini yule mwenzako wa dirishani, ukitoka kwenda kula, mkono wake huwa uko wapi?" Mchapaji akacheka, akamwambia aende zake. Siku ya hukumu alifika kazini na kufuli dogo, akalitia kwenye droo yake. Kwa mwenzake wa dirishani hakusema kitu.

Hukumu ilikuwa fupi. Mahakama, alisema hakimu, haina shaka kwamba sauti ni ya kaka mtu. Imeisikia kwa masikio yake. Lakini sheria iliyo mezani inamjua anayetuma, anayesaidia na anayetisha, na hakuna popote inapomtaja anayeuliza. Mkono uliowasha kiberiti ni wa fundi. Miaka saba.

"Asante, mheshimiwa," fundi akasema. Kaka mtu akamalizia maji, akaitupa chupa kwenye pipa la taka mlangoni, akatoka mbele ya wote.

Mke wa fundi alihama nyumba ili shemeji asijue pa kuja kukaa. Kigoda alikiacha. Alihesabu siku arobaini, akaamini kuta za gereza ni nene vya kutosha na sauti isiyolishwa lazima idhoofike. Siku ya kwanza ya kuruhusiwa kumwona mumewe, alivaa gauni la kijani ambalo mume huyo alimnunulia zamani, akampelekea sabuni na soksi.

Walikaa, kioo chenye matundu katikati yao. Fundi alikuwa amekonda zaidi. Mkewe akamuuliza hali, akainamisha sikio kwenye matundu, akingoja kigugumizi.

"Nipo, mke wangu," ikajibu sauti nzito, tulivu, haina hata mkwaruzo. Fundi akalitazama gauni kwa muda mrefu. "Mimi sisemi kitu," akasema, "lakini mbona umependeza hivyo? Umekuja na nani?"

Mke akaziweka soksi mapajani, akazikunja upya.

"Nimekuja peke yangu, shemeji."