Chumvi ya Darasa la Kwanza B

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka 1994, Mwalimu Cecilia alikuwa akifundisha irabu katika darasa la kwanza B la shule moja iliyo pembezoni mwa Mandewa. Watoto walikuwa themanini na wanne, madawati kumi na moja. Waliokosa dawati walikalia magunia sakafuni. Aliandika a, e, i, o, u, akazisoma, watoto wakaitikia kwa pamoja, isipokuwa Zabibu, aliyekaa karibu na dirisha akimtazama mwalimu mdomoni.

Zabibu alikuwa na miaka minane. Alipokuwa na mitatu alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Akapona, lakini masikio hayakurudi. Mama yake, Kuluthumu, muuza vitumbua wa sokoni, alipokuja kumwandikisha hakuficha kitu. "Mwalimu, huyu hasikii," alisema, "ila mjinga siye."

Saa nne watoto walipotoka kucheza, Cecilia aliona weupe sakafuni pale Zabibu alipokuwa ameketi. Alidhani ni vumbi la chaki. Akainama, akagusa kwa kidole, akaonja. Ilikuwa chumvi. Akachukua ufagio, akaifagia pamoja na takataka nyingine.

Kesho yake aliangalia vizuri zaidi. Kila alilolisema liliwafikia wale themanini na watatu, likaingia au likapita, kama maneno ya mwalimu yalivyo siku zote. Lililokwenda kwa Zabibu lilifika karibu na sikio, likatulia kidogo, kisha likamdondokea begani na kutoka begani hadi sakafuni, likiwa chumvi. Neno fupi lilitoa punje. Neno "kujumlisha" lilitoa bonge. Kipindi cha hesabu chumvi ilikuwa kidogo, cha Kiswahili iliongezeka, na Ijumaa, kipindi cha dini, ilijaa kopo la maziwa ya unga. Zabibu alijipangusa mabega kama mtu mwenye mba, akaendelea kutazama mdomo.

Cecilia alilipeleka kopo kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Mazengo, akamweleza ilikotoka. Mazengo alichota kidogo, akaisugua kati ya vidole.

"Ina mawe?"

"Haina."

"Basi walimu watapikia maharage."

Cecilia alikuwa mwalimu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo alikuwa amewaona Zabibu wengi. Walikuja darasa la kwanza, wakakaa dirishani mwaka mmoja, mwaka uliofuata hawakuonekana. Hakuna aliyewafukuza. Walikoma tu, kama mvua inavyokoma. Safari hii alikuwa na kitu cha kushika mkononi. Usiku huohuo aliandika barua ya kurasa mbili kuomba serikali ilete mwalimu mmoja wa viziwi, wa darasa la kwanza na la pili tu, na fungu la vitabu vya picha. Jumatano akaomba ruhusa, akavaa gauni lake la kanisani, akaenda ofisi ya elimu na barua mkono mmoja, na mfuko wa chumvi mkono wa pili.

Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa saba. Afisa aliyemwita aliitwa Bwana Isaka, mtu mzima mwenye sauti ya upole na miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Keti."

Aliisoma barua yote, jambo ambalo Cecilia hakulitarajia. Kisha akafungua mfuko, akaonja.

"Ina madini joto?"

"Sijui, mzee. Ni maneno."

"Siku hizi chumvi isiyo na madini joto hairuhusiwi. Lakini si kazi yangu." Alifunga mfuko vizuri. "Mwalimu, nakuelewa. Ila elimu maalumu kwa madarasa ya mwanzo haina fungu. Serikali yenyewe inajikaza. Wananchi wanachangia madawati, wanachangia chaki, na wewe unaniomba mwalimu wa mtoto mmoja."

"Hapa mjini peke yake wako wengi."

"Takwimu zinasemaje? Mimi hapa naona darasa la tano hakuna kiziwi hata mmoja. La sita hakuna. La saba hakuna. Nikiandika kwamba kuna haja, nitaulizwa, wako wapi?"

"Hawafiki la tano kwa sababu la kwanza hawafundishwi."

Bwana Isaka aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba hoja ni nzuri. "Akifika la tano, mlete," alisema. "Hapo nitakuwa na pa kuanzia." Akagonga muhuri kwenye nakala ya barua. Mfuko wa chumvi alibaki nao, kwa ajili ya faili.

Cecilia alirudi kwa miguu. Hakuwa na hasira. Alikuwa amejisikia hivyohivyo alipomzika baba yake: kama mtu aliyelalia mkono, akauamsha, na mkono ukakataa.

Habari za chumvi zilimfikia Othmani, mwenye duka la jumla karibu na stendi na mwenyekiti wa kamati ya shule. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu, naye alikuwa mtu wa kuona mapema. Alikuja darasani, akavua viatu mlangoni, akasimama kipindi kizima akimtazama Zabibu kwa heshima. Baada ya wiki mbili chumvi ya darasa la kwanza B ilikuwa inakwenda kwa wafugaji wa Ikungi, waliosema ng'ombe wao wanaipenda kuliko ile ya ziwani. Kwa kilichopatikana, kamati ikaanza kuezeka bati madarasa mawili ambayo hayakuwa na paa tangu upepo wa mwaka juzi. Zabibu alishonewa sare mpya, akasamehewa michango yote.

Kuluthumu alikuja shule kushukuru. Alimkuta Cecilia peke yake akisahihisha madaftari.

"Mwalimu, kwani anasoma?"

Cecilia aliweka kalamu chini. "Hapana, mama Zabibu. Hasomi."

"Nyumbani tunaongea vizuri tu." Kuluthumu akaonyesha. Kiganja shavuni ni mama. Vidole vitatu mdomoni ni maji. Duara la vidole ni kitumbua, na duara lililogeuzwa juu chini ni kitumbua kilichoungua. Walikuwa na maneno kama mia mbili, wote wawili, waliyoyatunga jikoni miaka mitano. Cecilia aliomba afundishwe. Kila siku baada ya saa za kazi alikwenda sokoni, akakaa kwenye kigoda kando ya kikaango, akajifunza.

Mwezi wa sita alianza kufundisha kwa mikono na mdomo pamoja. Aliandika "mama" ubaoni, akaweka kiganja shavuni. Zabibu alisimama. Alikwenda ubaoni, akaligusa neno herufi kwa herufi, akageuka na kiganja chake shavuni. Halafu akachukua chaki, akaliandika mwenyewe chini ya lile la mwalimu, m ya pili ikiwa imepinda. Watoto themanini na watatu wakaweka viganja mashavuni. Siku hiyo sakafu ilikuwa safi.

Hadi Agosti Zabibu alikuwa anasoma maneno arobaini, na chumvi haikujaa hata kikombe kwa wiki.

Kamati ilimwita Cecilia. Walikuwa watu sita, wote wastaarabu, na waliagiza soda. Paa lilikuwa limeezekwa nusu.

"Mwalimu," alisema Othmani, "sisi hatukatai mtoto kusoma."

"Mnakataa nini?"

"Hatukatai kitu. Tunasema bati. Watoto mia moja na sitini watanyeshewa masika yakija. Wewe mwenyewe ni mama. Pima."

"Nilikwisha pima," alisema Cecilia. "Leteni mwalimu wa viziwi, paa tuombe serikali."

"Serikali uliiomba mwalimu," alisema Mwalimu Mazengo taratibu. "Imejibu leo."

Akampa barua. Ilikuwa na muhuri. Ofisi ya elimu iliipongeza shule kwa kubuni chanzo chake cha mapato katika kipindi hiki cha kujitegemea. Kwa kuwa chanzo hicho kinatokana na mwanafunzi mwenyewe, ilisema, hapakuwa na sababu ya kuiomba serikali ruzuku ya elimu maalumu. Shule nyingine zilikuwa zimeagizwa kubaini na kuandikisha darasa la kwanza angalau mtoto kiziwi mmoja kila moja, na taarifa zilionyesha kwamba mwitikio ulikuwa mzuri.

Cecilia aliisoma mara mbili. Alikuwa ameomba miaka mingi watoto hao waandikishwe. Akamaliza soda yake, kwa sababu ilikuwa imefunguliwa.

Januari alihamishiwa darasa la tano. Darasa la kwanza B alipewa Mwalimu Zefania, kijana mwenye sauti nzito aliyesikika hadi barabarani. Zabibu aliandikiwa arudie darasa. Kuluthumu alikuja kuuliza, akaonyeshwa daftari la maendeleo: mtoto hajibu maswali ya mdomo. Alisimama nalo kitambo. Alikuwa na watoto wengine wawili shuleni, na michango yao nayo ilikuwa imefutwa. Akalirudisha daftari mezani, akasema ahsante, akarudi sokoni kabla mafuta hayajapoa.

Paa lilikamilika kabla ya masika. Mvua ilinyesha sana mwaka huo, na hakuna mtoto aliyelowa.

Cecilia aliandika barua nyingine mwezi wa pili, na nyingine mwezi wa tano. Alizipeleka mwenyewe. Bwana Isaka alizisoma zote, akazigonga muhuri, akamuulizia habari za nyumbani.

Wakati wa mapumziko, saa nne hadi saa nne na nusu, Cecilia alivuka uwanja hadi upande wa darasa la kwanza. Alikaa kwenye ngazi na Zabibu, wakaongea kwa mikono. Waliongea habari za mbuzi wa jirani, na dada aliyeolewa Misigiri. Alimfundisha kuandika kwa kijiti mchangani, maneno matatu au manne kwa siku, kadiri muda ulivyoruhusu. Walimu wengine waliwaona na kuwaacha, kwa kuwa mapumziko si kipindi.

Siku moja Zabibu aliwaonyesha kwa kidole wenzake wa zamani, waliokuwa wakitoka darasa la pili, kisha akajionyesha mwenyewe. Akauliza kwa mikono, lini?

Cecilia aliwatazama watoto hao ng'ambo ya uwanja. Walikuwa wamerefuka. Akainua mkono, akazungusha kidole mara moja hewani. Ndivyo walivyosema "mwakani" kwa mikono.

Zabibu aliitikia kwa kichwa. Kengele ikagongwa. Aliona watoto wengine wakikimbia, naye akakimbia.