Tulipu za Louisville Hutangulia

Jumamosi ya mwisho ya Aprili, Medard alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba yake, East Side ya Buffalo, akiondoa majani makavu juu ya tulipu kumi na mbili zilizokuwa bado zimefumba. Simu ilikuwa kwenye nyasi, sauti imefunguliwa. Kaka yake Revokatus alikuwa anaongea kutoka Columbus.

"Mama ametoka hapa jana saa kumi," Revokatus alisema. "Ua la mwisho limepukutika akiwa anakunywa chai. Kikombe kiko hapa, nusu."

"Goti bado linamsumbua?"

"Goti lile lile. Mtafutie kiti kirefu."

Mama yao, Angelika, alifia katika kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, Februari ya 2023. Oktoba iliyofuata dada yao Flavia alinunua mfuko wa vitunguu vya tulipu huko Louisville, akaugawa mara tatu, akawatumia wadogo zake kwa posta. Mke wa Revokatus alikaanga kimoja na nyanya kabla ya kuuliza, akaumwa tumbo siku mbili. Vingine vyote vilipandwa. Tangu hapo mama alikuja kila mwaka, akifuata joto: Louisville mwanzoni mwa Aprili, halafu Columbus, halafu Buffalo mwezi wa tano. Kwa kila mtoto alikaa siku ambazo maua yalikaa, basi.

Safari hii alifika Jumatano. Medard alirudi kutoka kazini, ghala moja la Cheektowaga, akamkuta kati ya tulipu na uzio, kwenye kiti kirefu alichomwekea, kitenge cha kijani, jiwe mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa. Foleni imesogea?"

"Bado, mama."

Jiwe lilikuwa na ukubwa wa sahani ya ugali, na namba ya kesi yake ilikuwa imeandikwa juu yake kwa rangi ya kucha. Kambini, siku ya kugawa unga, watu waliweka mawe kwenye mstari alfajiri, kisha wakarudi kuwasha moto. Jiwe lilisimama badala ya mtu. Hata mwizi hakuruka jiwe la mwenzake. Mwaka walipoanza kuita watu kwenye usaili wa kwenda Marekani, Angelika aliweka la kwake mlangoni pa ofisi.

Aliulizwa mara tano. Mara ya tatu, mwaka 2009, siku ya Jumanne, aliambiwa aseme ukweli mtupu, akausema: Revokatus hakumzaa. Alimwokota njiani wakikimbia vita, Oktoba ya 1993, Medard akiwa mgongoni na Flavia akitembea, na kambini akamwandikisha kama wake kwa sababu mtoto asiye na kadi hakuwa na unga. Mtu mwenye kalamu ya bluu akaandika kwamba mama huyu alidanganya shirika. Watoto walipokuwa watu wazima walipewa kesi zao, wakapita wote watatu, Revokatus wa kwanza. Kila mmoja alitupwa mji wake. Faili la mama likabaki "linachunguzwa". Kalamu ilitosha kuandika mstari mmoja. Kuufuta, wino haukupatikana mpaka leo.

Jirani wa Medard, Nzigire, mama wa Bukavu anayehudumia wazee huko North Buffalo, alipita na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao.

"Mama Angelika, karibu. Bado hawajakuita?"

"Bado, mwanangu."

"Donc umekufa, na bado banakuambia ungoje? Bon. Kula kwanza."

Medard alikuwa na wazo mwaka huu. Mama akipata karatasi, hatahitaji maua. Angebaki. Angelala chumba cha nyuma, angesali naye Jumapili, angeona theluji aliyokuwa akisimuliwa tu. Kazini aliomba siku moja. Msimamizi akamjibu kwamba ruhusa ya msiba wa mama alishaichukua. Akaenda hivyo hivyo. Zilikuwa zimebaki tulipu saba.

Kwenye ofisi ya uhamiaji, mama alikaa na jiwe lake mapajani. Afisa alikuwa kijana mpole, ana kikombe chenye picha ya paka.

"Amefariki lini?"

"Februari, mwaka 2023."

"Na hapa ameingia lini?"

"Jumatano."

Afisa alichapa, akasoma, akachapa tena. "Kufariki siyo tatizo," alisema. "Mfumo haujapokea taarifa, kwa hiyo kesi iko hai. Tatizo ni kwamba yuko hapa. Kesi hii ni ya mtu aliye kambini. Akiitwa asipatikane, faili linafungwa."

"Ataitwa lini?"

"Kwa sasa usaili umesimamishwa."

"Mpaka lini?"

"Hilo halijaandikwa."

Mama alimvuta Medard shati. "Anasemaje?"

"Anasema urudi ukasubiri kule."

"Nilijua. Nilimwambia Flavia asinicheleweshe." Akainuka, akamshukuru afisa kwa mikono miwili.

Upepo wa ziwa ulianza Ijumaa. Nzigire alileta mifuko ya plastiki, wakafunika maua moja moja kama watoto wanaoogopewa mvua. Yalipukutika ndani ya mifuko. Jumapili baada ya ibada lilibaki moja. Medard alichukua utepe wa gundi wa kufungia maboksi, akalifunga petali kwa petali, polepole, mtu anayefunga maboksi mia nne kwa siku bila kuharibu hata moja.

"Acha, mwanangu," mama alisema. "Watanipita."

"Nani atakupita, mama? Hakuna anayeitwa!"

"Ndiyo maana hutakiwi kutoka kwenye mstari."

Aliweka jiwe chini, mbele ya ngazi za mlango wa nyuma, akalisogeza kidogo likae sawa. Kule analo lingine, alisema. Hili limshikie nafasi hapa. Ua lilianguka zima zima, na gundi yake. Kiti kikawa kitupu. Medard alikirudisha jikoni.

Julai ilifika barua ya kusema kesi bado inashughulikiwa na mhusika asihame alipo. Medard aliisoma kwa sauti mbele ya jiwe. Mwezi wa nane, akifyeka nyasi, alikuta jiwe la pili nyuma ya lile. Lilikuwa la Nzigire, kwa ajili ya kaka yake aliye kambini Nyarugusu. Akafyeka kwa kuzunguka. Halafu likaja la tatu, la tisa, la thelathini, mawe ya watu wa kanisani na ya watu asiowajua, kila moja na namba yake. Kufikia Novemba mstari ulipita pembeni ya nyumba ukatokea barabarani. Mwenye kupeleka barua alijifunza kutoyaruka.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Medard alitoka na koleo akasafisha jiwe moja moja, kuanzia la mwisho. Alipofika kwenye ngazi alipima kwa mguu wake kama foleni imesogea. Jiwe la mama lilikuwa pale pale alipoliweka.